Picha Isiyomwona Mama

Kuna saa ya asubuhi, kabla chai ya ofisini haijamiminwa, ambapo sina hakika kama niko Moshi mjini au niko juu ya mawingu. Nawasha kompyuta, picha inajifungua taratibu, na mlima unatokea chini yangu. Kibo iko pale katikati, nyeupe kidogo, kama ukoko wa uji uliobaki kwenye sufuria. Nikigeuka dirishani, mlima wenyewe umejifunika na hauna habari na mtu. Wageni wa hoteli ya jirani wamesimama na simu zao mkononi wanaungoja utoke. Mimi ninao hapa kwenye kioo, wazi kabisa, na ninautazama mpaka chai inapoa.

Mimi ni mratibu. Ukiniuliza mratibu ni nani, nitakwambia ni mtu anayegombana na kila mtu kwa adabu, na hiyo adabu yenyewe wakati mwingine inanishinda. Huko juu sana kunapita satelaiti, nyingine ni za nchi ambazo sitazikanyaga maishani, zinapiga picha za dunia na kuzigawa bure kwa anayezitaka. Zamani kila ofisi ilikuwa na picha yake kabatini. Watu wa misitu na yao, watu wa kilimo na yao, ardhi na yao, na ukiomba kuiona unaambiwa mwenye ufunguo wa kabati amesafiri. Serikali ikasema basi, kaeni meza moja, picha iwe moja na ramani iwe moja, iwafae wananchi wote. Tujue mteremko upi unaweza kuporomoka masika, chemchemi ipi inakauka, kahawa ya wapi imechoka. Ni jambo jema, na mimi naliamini hadi leo. Ila kila mwamba ngoma ngozi huivuta kwake, na kazi ya kushika ile ngozi isichanike wakanipa mimi.

Kuna picha tunazozitengeneza ili majani yaonekane mekundu. Ndivyo mashine inavyotofautisha mmea wenye afya na ule uliokauka. Siku ya kwanza niliogopa, nikadhani mlima unaungua. Siku hizi nazipenda kuliko zile za kijani. Naanzia chini, Chekereni, kwenye majaruba ya mpunga yaliyopangwa vizuri, naelea juu ya mahindi na vumbi, naivuka reli, napanda. Wekundu unazidi kukolea. Nafuata kijito kimoja ambacho nilichota maji yake nikiwa mdogo, nakifuata kona kwa kona, mwili uko kwenye kiti cha ofisi na roho inatembea peku. Nikifika nyumbani kwetu nasimama. Hakuna kitu pale. Ni majani tu.

Kwa wasiojua kwetu, hapo lazima nieleze. Mchaga ana kihamba. Wenzetu wakikiona wanakiita shamba, na mimi huwa nawasahihisha hata kama hawajaniomba. Juu kabisa kuna miti mirefu, chini ya miti kuna migomba, chini ya migomba kuna kahawa, chini ya kahawa kuna magimbi na maharage, na katikati ya hayo yote kuna nyumba, banda la ng'ombe na makaburi. Unazaliwa humo na unazikwa humo. Mtu wetu akifia Dar es Salaam, akifia hata ng'ambo, analetwa. Ukipita barabarani huoni kitu, unasikia tu ng'ombe analia na mtoto anaitwa.

Baba yangu amelala kwenye kihamba chetu, chini ya mringaringa alioupanda mwenyewe akiwa kijana. Ni mti mkubwa, unatoa maua meupe, na yakianza kuanguka kaburi linakuwa jeupe na nyuki wanaimba juu yake mchana kutwa. Mama anaishi pale na ng'ombe wake mmoja. Sisi watoto tulimwambia mara nyingi ahamie mjini. Anatusikiliza, anatupa ndizi za kurudi nazo, habanduki. Pembeni ya kaburi la baba kuna nafasi, na mama huifagia nafasi hiyo kila asubuhi kama mtu anayetandika kitanda. "Hapa ni pangu," alituambia. "Mkinipeleka kwingine nitawarudia."

Sasa ikaja rasimu ya ramani. Nikaitandaza kwenye meza ya kikao, na rangi ya msitu ilikuwa imeshuka kutoka juu mlimani, ikafuata kijito chetu, ikavimeza vihamba vyote mpaka karibu na kanisa. Aliyeichora hakuwa na ubaya na mtu. Aliona majani, akaandika msitu. Kilichonikausha mate ni pendekezo lililoambatana nayo: palipo na msitu kandokando ya kijito pawekwe kwenye hifadhi ya chanzo cha maji, asikae mtu, asilime mtu, asizikwe mtu. Nikakitafuta kihamba chetu kwa kidole. Kilikuwa ndani ya mstari, pamoja na baba.

"Hapa wanakaa watu," nikasema.

Bwana misitu ni mtu mpole wa Kanda ya Ziwa, anaongea kama anayembembeleza mgonjwa. "Dada, picha haionyeshi watu."

Bwana shamba akasema hilo ni shamba la kahawa na linamhusu yeye. Mpimaji wa ardhi akasema hapana, ni makazi, hivyo ni la kwake. Wakavutana pale mpaka chapati zikapoa. Nikatazama kwenye ufunguo wa ramani, ule ukingo wa pembeni unaoeleza rangi. Uliandikwa msitu, shamba, makazi, maji, ardhi tupu. Rangi tano tu. Kihamba hakikuwamo. Neno ambalo kwetu mtoto analijua kabla ya kujua jina lake halikuwa na rangi, na mimi hasira zangu ziko karibu, nikawaambia kwamba ramani isiyojua kihamba isijiite ya Kilimanjaro. Mpimaji akacheka. Bwana misitu hakucheka, aliandika kitu. Tukakubaliana twende vijijini tukawaonyeshe wananchi rasimu, halafu tungoje picha mpya ya kiangazi, mawingu yakishafunguka, ndipo tuamue.

Kijijini kwetu tulikutana kwenye darasa la shule ya msingi. Tulitundika shuka ukutani na projekta ikamulika. Sijapata kuona watu wetu wakiwa kimya namna ile, labda kanisani wakati wa maombi. Walikuwa wanajitazama kutoka juu. Meku mmoja, mzee jirani yetu, alivua kofia. Mtu akauliza kwa sauti ndogo kama ndivyo Mungu anavyotuona. Picha ilikuwa inacheza kidogo kwa sababu ya upepo, na mteremko mzima ukawa unapumua.

Mama alikaa mbele, na kitenge chake cha kanisani. Wenzangu walipomaliza kueleza habari ya msitu na mstari, akasimama.

"Mimi niko wapi hapo?"

Bwana misitu akamwonyesha. Majani matupu.

"Kwa nini hamnioni?"

"Mama, chombo hiki kinaona juu tu," akasema kwa upole wake ule. "Kikikutana na majani, kinaishia kwenye majani."

"Na kitapita tena lini?"

"Kinapita mara kwa mara, ila tunangoja mawingu yaondoke. Mwezi wa kwanza hivi, Mungu akipenda."

Mama akatikisa kichwa, akajifunga kitenge vizuri. "Basi ni mgeni," akasema, akakaa. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Mgeni kwetu anaandaliwa. Mwezi wa kumi na mbili ukikaribia, kabla ndugu hawajapanda kutoka kila pembe ya nchi kuja kula Krismasi, kila nyumba inafyeka. Unafyeka njia, unapunguza majani ya migomba mlangoni, unapaka makaburi chokaa, ili anayekuja aione nyumba akiwa bado yuko barabarani. Nyumba isiyoonekana inasema mgeni hatakiwi. Mgeni aje mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa, na ukimtazama mama akifyeka utadhani uponaji wenyewe upo kwenye ncha ya panga lake.

Mwezi wa kwanza mbingu ikafunguka kweli. Picha ikaingia, nami nikaifungua asubuhi kama kawaida, peke yangu, nikaelea zangu kutoka Chekereni nikipanda. Kila kitu kilikuwa kisafi, kama kimeoshwa. Nikakifuata kijito. Nikafika kwenye ile kona, nikaona doa jeupe.

Kwanza nilisema ni wingu. Lakini wingu kwenye picha huwa na kivuli chake pembeni, na hili halikuwa nacho. Nikavuta karibu. Doa lilikuwa na pembe nne. Nikachukua simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wameniona?"

Akaendelea mwenyewe, sauti imejaa furaha. Sisi tulipokwisha kuondoka baada ya Krismasi, aliita watu wenye mashine ya kukatia miti. Wamekata migomba yote ya mbele, wamekata ya nyuma, wameuangusha na mringaringa, maana huo ndio uliokuwa unaziba zaidi. "Hata baba yako sasa anaonekana," akasema. "Nimempaka chokaa mpya."

Nikamwambia mama nitakupigia. Nikaweka simu mezani, nikalia, mtu mzima, kwenye ofisi ya serikali, mlango uko wazi. Nilimkasirikia mama, nikakikasirikia chombo kinachopita huko juu bila kubisha hodi, na bwana misitu na sauti yake ya hospitali. Halafu nikamwonea huruma mama. Maji yakimwagika hayazoleki, na mringaringa ule ulikuwa umenizidi umri mimi.

Kikao kilifuata siku chache baadaye. Watu wa misitu wana utaratibu wao: mashine inalinganisha picha ya zamani na mpya, na palipobadilika panawaka nyekundu. Bwana misitu akaimulika ukutani. Mteremko mzima ulikuwa umetulia, umelala, isipokuwa nukta moja ya damu kandokando ya kijito.

"Hapa kuna mtu ameingia msituni," akasema. "Amekata miti na kujenga. Tena inaonekana amejenga nyumba ya bati kabisa."

Bwana shamba akasonya. Mpimaji akasema watu wengine hawana aibu, mstari haujakauka wino na tayari wanavamia.

"Huyo ni mama yangu," nikasema.

Nilitaka kusema kwa utaratibu, kimratibu, lakini yalitoka yalivyotoka. Nikawaambia hakuingia msituni, msitu mmeuleta nyie mkauweka juu ya nyumba yake. Alikaa pale na mumewe, akamzika pale. Mlimwambia hamumwoni kwa sababu ya miti, akaiondoa miti ili mumwone, kama anavyofanya kwa mgeni yeyote, na sasa mmemwona mnamwita mvamizi. Sasa mlitaka afanye nini? Mlitaka apande juu ya paa awapungie mkono? Niliyasema hayo nimesimama, na sikumbuki nilisimama saa ngapi.

Bwana misitu alizima projekta. Akafikicha macho. "Twende tukamwone," akasema. Kwa neno hilo moja nilimsamehe mengi.

Tukapanda na gari la ofisi. Barabara ya kwetu ni ya kivuli, huwa unaingia humo kama unaingia kwenye usingizi: ukungu, harufu ya moshi wa kuni, majani ya migomba yakipangusa vioo. Nilikuwa nasinzia, au nadhani nilisinzia. Kilichonizindua ni mwanga. Gari lilitoka kwenye giza lile la kijani likaingia juani, na hapo palikuwa nyumbani kwetu. Nyumba ilisimama uchi. Bati lilikuwa na kutu ambayo sikuwahi kuiona. Kisiki cha mringaringa kilikuwa bado kinatoka maji, nyuki wachache wakizunguka pale juu hewani palipokuwa na maua, na kahawa, ambayo haijazoea jua, ilianza kukunja majani yake. Kaburi la baba lilikuwa jeupe hadi macho yakauma.

Majirani walishafika, maana gari la serikali halifichiki. Mama alitoka na kitenge chake cha kanisani, akatusalimia wote, Bwana asifiwe, akatuomba tukae tule mtori wa ndizi kwanza. Hakuna aliyekaa. Mtendaji wa kijiji alikuwa anatokwa jasho, kwa sababu kwetu hata mti wako mwenyewe unauombea kibali, na mama hakuomba chochote. Akamvuta mama pembeni, akamnong'oneza, lakini mtendaji yule hajui kunong'ona, tukamsikia wote.

"Mama, kachume isale umpe huyu baba. Yaishe."

Isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Na ukimkosea mtu, unachuma jani lake unampelekea, na akishalipokea hana tena uwezo wa kukataa. Hata damu imesamehewa kwa isale. Jirani mmoja akamweleza bwana misitu haraka haraka, na yeye, mgeni wa watu, akasimama wima, akafuta viganja kwenye suruali, akajiandaa kupokea kwa mikono miwili.

Mama akaenda mpakani. Alichagua kwa muda mrefu, akarudi na jani moja ameliweka kifuani. Akaja moja kwa moja kuelekea kwa bwana misitu, naye akanyoosha mikono. Mama akampita. Hakumdharau, alimpita tu kama unavyompita mtu uliyemkuta njiani. Akaenda mpaka kwenye kaburi, akapiga magoti juani, akaliweka lile jani juu ya chokaa, akaanza kuongea Kichaga kwa sauti ya chini, ile sauti aliyokuwa anamwamshia baba asubuhi.

Bwana misitu akanisogelea. "Anasema nini?"

Nikamngoja mama amalize sentensi.

"Anamwomba msamaha kwa kumwanika juani," nikasema. "Anasema aliukata mti wake ili wenye ramani wasije wakamtenganisha naye."

Yule baba alivua kofia yake ya kazini. Hakusema kitu juu ya kibali, siku ile wala baadaye. Alichukua kifaa chake cha kupimia, akamwomba mama, mama yake mwenyewe asingeombwa vizuri zaidi, amwonyeshe mpaka. Mama akainuka, akajipangusa magoti, akaanza kumtembeza isale hadi isale, na kila walipofika kwenye mmea alisimama akamngoja mpaka kifaa kilie. Mpimaji akafuata nyuma. Bwana shamba naye akafuata, akiuliza majina ya migomba. Waliporudi, mtori ulikuwa umepoa, na safari hii walikaa wakala.

Ilichukua vikao vingi baada ya hapo, na katika baadhi yake nilipoteza adabu. Ila leo ufunguo wa ramani ya mlima una rangi sita, na ya sita imeandikwa kihamba. Mashine ikafundishwa kuitambua: miti juu, migomba chini yake, na namna mwanga unavyovunjika katikati. Msitu ukarudi juu mahali pake. Mstari wa hifadhi ukapita nje ya vihamba, na cha mama kimo upande wa watu, kwa alama zile alizozitembea na bwana misitu.

Kwa alama tu, lakini. Kwa rangi, hapana. Nilipompelekea ile ramani mpya na kuitandaza juu ya meza yake, mteremko wote ulikuwa na rangi ya kihamba kuanzia kanisani hadi msituni, isipokuwa pale kwenye kona ya kijito. Pale mashine ilikuwa imeandika ardhi tupu. Miche ya mringaringa aliyoipanda bado ilikuwa mifupi kuliko ng'ombe, na huko juu hakuna anayeijua. Nilijaribu kumweleza kwamba haina neno, kwamba kisheria hakuna atakayemgusa.

Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa amevaa miwani, ameinama, kidole kinakifuata kijito. Kilipolifikia lile doa jeupe kikatulia.

"Wote wamefichika," akasema. "Ni sisi wawili tu tunaoonekana."